Gari ya Umar Iliyovishwa Gurbaba

Kianda, Kibera,
Nairobi.
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mpendwa dadangu Ruweida,

Salaam aleikum. Ni mimi kaka yako Haroun, bado niko juu ya ardhi, na wanaongoja kurithi kofia zangu wangoje kidogo. Goti linaendeleaje? Nasikia baridi ya Eldama Ravine imezidi mwezi huu. Jifunge vizuri, na usikubali wajukuu wakupake kila dawa wanayoiona kwa simu. Hapa tuko salama. Binti yako Bakhita amekonda kidogo kwa kazi ya harusi, lakini mdomo haujakonda.

Ningepiga simu, lakini mdogo wetu Umar tunaishi naye ukuta kwa ukuta, na haya si ya masikio yake.

Kuna kitu nataka kwako, wacha nikitaje mapema. Mdogo wake Afrah, yule binti mwingine wa Bakhita, ataolewa baada ya mfungo. Nataka mimi ndiye nimtoe nyumbani. Kwetu msichana hutolewa na kaka mkubwa wa nyanya yake, ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya. Lakini harusi ya Afrah, hii ya majuzi, ukapiga simu kutoka huko ukasema amtoe Umar, kwa sababu Umar ana gari. Umar, kitinda mimba! Huyo niliyembeba mgongoni akinikojolea!

Nina wivu, dada. Naandika neno lenyewe, mkono usichoke kuzunguka.

Hiyo gari ni ile kubwa ya kupanda milima. Imetoka Japani ikiwa tayari bibi kizee, ikapita mikono mingi kuliko tasbihi ya msikitini, ndipo ikamfikia Umar. Ameoa mke wa pili na hajui. Kodi za vyumba vyake zote anakula Kitheka, fundi wa kule Laini Saba. Leo bushi, kesho shoki, kesho kutwa rejeta. Petroli inakunywa hata ikiwa imesimama. Gia ikiingia, gari inaruka kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Oili inadondoka mlangoni kwangu mpaka paka wa ploti wamekuwa weusi. Taa ya injini haijazimika tangu inunuliwe. Umar anasema hiyo ni pambo.

Na bado ikipita, Kianda nzima inageuka! Mama wa mandazi anaacha mafuta yaungue. Mimi nikipita wananiuliza tu kama nimekunywa dawa.

Basi nimeisema hiyo gari miezi yote. Nimeisema dukani, nimeisema kwa kinyozi, nimeisema hata kwenye matanga, marehemu akingoja zamu yake.

Siku ya kumtoa Afrah, akina mama wakaamua kuipamba. Wakaivisha gurbaba, ile shuka yetu nzuri ya Kinubi ya harusi, wakaifunga mbele kutoka taa hadi taa, ikawa imejitanda kama bi arusi mwenyewe. Nikaangalia, nikaona hapo ndipo upepo wa kupoza injini unapoingilia.

Nikamwambia, "Umar, mmeiziba pua. Hii kitu inapumulia huko."

Akacheka mbele ya watu wote. "Haroun, tangu ije umesema haina breki, haina bodi, haina baraka. Leo nayo haina pua?"

Akina mama wakaanguka kwa kicheko. Bakhita akanishika mkono: "Mjomba, panda tu nyuma utushikie ngoma."

Hapo, dada, nikikuapia kwa lolote nitakuwa mwongo. Mimi mwenyewe sikujua kama naonya ama nafitini. Maneno yangu juu ya hiyo gari yalikuwa yamezoea njia moja. Nikapanda nyuma kabisa, kwenye kile kiti cha kukunja cha watoto, ngoma ya doluka magotini na sinia ya biskuti kichwani. Mzee wa nyumba! Kiti cha mbele amekalia nani? Chetezo cha ubani.

Tukashikwa na jam Ngong Road. Wimbo juu, ngoma juu, ubani unafuka. Kidogo nikaona moshi mwingine, mweupe, unatoka kwa boneti. Nikapiga kelele, "Umar, inachemka!" Nani asikie? Akina mama walipoona moshi umejaa wakajua ubani umekubali. Wakapiga vigelegele. "Ongeza udi, Bakhita, mpaka gari inafurahi!" Bakhita akaongeza. Harufu ya mpira kuungua ikamezwa hukohuko.

Kufika Dagoretti Kona, gari ikakohoa mara moja, ikafa. Umar akafungua boneti, mvuke ukamrudisha nyuma na kanzu yake nyeupe. Gurbaba ilikuwa imelowa maji ya rejeta. Kitheka akasema kwa simu ni gasketi ya injini, na wasiiwashe tena.

Sasa jua linashuka, wakwe wanangoja Riruta. Bakhita akasema iitwe teksi. Wee! Akina mama wakamkalia. Bi arusi akibadilisha gari njiani atabadilisha mume, ndivyo walivyosema, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana nao. Umar yuko barabarani ameshika kichwa. Nilingoja furaha ije, dada. Nilikuwa nimeiombea siku hiyo. Lakini nikamwona Afrah ndani ya shela, hina ya mikononi imeanza kuharibiwa na machozi, na furaha ikakataa kuja.

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, miguu si gari. Hakuna ulichobadilisha."

Akashuka. Akanishika mkono, tukaingia Naivasha Road kwa miguu, ngoma nyuma yetu. Matatu zilitupigia honi, wauza ndizi wakasimama, Kawangware yote ikatusindikiza. Hajawahi bi arusi wetu kutolewa hivyo.

Mlangoni kwa wakwe, mzee wao akauliza kama desturi, "Nani amemleta?"

Hapo nikakumbuka neno lako lilikuwa kwa Umar. Kabla sijafungua mdomo, Afrah akajibu ndani ya shela, "Mimi nimeletwa na Babu Haroun. Babu Umar analeta gari."

Ni kweli. Alikuwa kwenye kona ya mtaa wao akiisukuma na vijana, jasho tupu. Watu walicheka mpaka mwenye nyumba akashikilia geti.

Ungedhani nimepona. Lakini gari ilipoingia uani, wakwe waliniacha na glasi ya sharubati mkononi wakaenda kuizunguka. Wanapigapiga milango, wanauliza injini ni saizi gani. Imekufa, na inaheshimiwa kuliko mimi niliye hai! Umar akajipanguza uso, akaanza kuieleza.

Kitheka anaitafutia injini nyingine. Umar anaapa itakuwa tayari kabla ya mfungo, na harusi ya mdogo wake Afrah anaihesabu kuwa yake. Kwa hivyo sema wewe, dada, kwa mdomo wako, Umar akisikia. Gari ibebe masinia. Msichana atoke na mimi. Mimi nimeharibikiwa soli moja tu, na viatu viko kwa fundi tayari.

Nisalimie shemeji, na wajukuu wote hapo, na jirani yako yule anayeiba maparachichi. Bakhita anakubusu mikono. Umar anakusalimu pia, nimeambiwa niandike. Mungu akupe goti la kusimama na kheri ya kuwaona vilembwe.

Kaka yako akupendaye, hata ulipomnyima bi arusi,

Haroun