Nyuzi Tatu Nilizozigeuza Barazani Kwako

Mjomba,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini siwezi kuanza bila ya kukuamkia, mama angenigombeza.

Juzi tumesoma hitima ya arobaini yako. Watu walijaa mpaka njiani, na pilau halikubaki hata ukoko. Mkeo hajambo, yumo edani. Na mimi nshaajiriwa, Mjomba. Ile bendi ya dansa ya Ng'ambo imenichukua moja kwa moja, na kazi ya bandarini nimeiacha. Sasa nikiulizwa kazi yangu nasema mpiga gitaa, na watu hawacheki.

Lakini kuna jambo limenikaa rohoni, leo nalisema.

Unakumbuka nilivyokuja kwako kutoka Jambiani, na debe la mafuta nililolifunga waya? Ulilipiga mara moja tu ukasema, "Hili litatutia uziwi," ukanitolea lile gitaa ulilonunua kwa baharia. Hapakuwa na mtu wa kukuonesha nyuzi zake zinakazwa vipi. Wewe mpiga udi, ukazikaza kama za udi. Nami nikajifunza hivyo hivyo, miaka sita, nikijiona bingwa.

Siku nilipokwenda kujaribiwa na bendi, kila nilipoweka vidole ilitoka kelele. Wenzangu wapiga hivi, mimi vile. Walicheka mpaka mpiga ngoma akaweka vijiti chini. Mkuu wa bendi akaniuliza, "Nani kakufundisha?" Nikamjibu, "Sina mwalimu. Nimejifunza mwenyewe."

Ndivyo nilivyosema, Mjomba. Nilikukana. Nimekula wali wako miaka sita, nikakukana mbele ya watu kwa kuona haya tu.

Wakanipa muda, nikaanza upya kwa kukaza nyuzi kama wao. Lakini kila Ijumaa nikija kwako nilikaa kwanza barazani, chini ya dirisha, nikazigeuza nyuzi tatu zirudi ulivyozitaka wewe, ndipo nikapiga hodi. Sikutaka ujue. Miaka miwili nimecheza mchezo huo. Ulikuwa ukinisikiliza umefumba macho, ukisema, "Ehee, hapo hapo," nami najiona mjanja. Mjinga mimi! Nani anajificha chini ya dirisha la mpiga udi?

Baada ya hitima mkeo aliniita, akasema nami nyuma ya pazia. Kumbe kila Ijumaa alitaka kushuka anifungulie, na wewe ukimzuia. "Mwache amalize kuzirudisha. Akimaliza atapiga hodi mwenyewe."

Nikamuuliza kama ulikasirika. Akasema hata kidogo, ulikuwa ukimwambia, "Kijana huyu ana adabu."

Adabu, Mjomba! Mimi niliyekukana! Nililia palepale, mtu mzima na kanzu yangu, mpaka mkeo akaniagizia maji ya kunywa. Sikuweza kumwambia nililojibu siku ile. Nakwambia wewe, na radhi naiomba kwako.

Jumamosi tunapiga redioni. Mtangazaji ameshaniambia ataniuliza nani kanifundisha gitaa. Nitalitaja jina lako, na la baba yako, na mtaa uliokaa. Na nitasema kuwa ulinifundisha kwa nyuzi za udi. Mkuu wa bendi atakuwa kando yangu. Akitaka kucheka, na acheke.

Lala salama, Mjomba. Mungu akunawirishie kaburi lako.

Mpwa wako,
Ame