Kwa Nini Meg Anabweka

Hasby Wold, Lincolnshire
Machi 1962

Kaka yangu mpendwa Reuben,

Pokea salamu zangu, na za Mama, na za Baba ambaye amekaa hapa karibu na jiko akijifanya hajui namwandikia nani. Hujambo huko? Baridi ya Kanada imekuachia vidole vyote? Mama anauliza kama zile soksi zilifika, na kama unazivaa mwenyewe au umegawa kama ulivyogawa zile za mwanzo. Sisi hatujambo. Kuku wameanza kutaga tena, bomba la uani liliganda likapasuka, na Mama bado ana kile kikohozi anachosema si kitu.

Barua yako ya kabla ya Krismasi niliipata, na najua nimekuweka sana bila jibu. Ulikuwa umekasirika. Ulisema watu wa hapa wanakuandikia kukucheka kwa sababu ya mbwa wetu Meg, na kwa vile wewe ndiye uliyechagua wazazi wake, jina lako linachafuka ukiwa ng'ambo huwezi hata kujitetea. Ukaniomba nimshawishi Baba amtoe Meg kwa mtu anayetaka mlinzi wa nyumba, atafute mbwa mwingine anayejua kufunga mdomo. Sikukujibu kwa sababu sikuwa naujua ukweli wenyewe, na nilipoujua nilikatazwa kukuandikia. Jana niliruhusiwa. Kwa hiyo tafuta mahali pa kukaa.

Kwanza nikiri kwamba hawakukudanganya. Meg anabweka. Mbwa chotara wa mbio, wa kuwindia sungura, anatakiwa akimbize kimya kabisa, sungura asisikie ila upepo nyuma yake, lakini huyu wako akishaona mkia mweupe tu anaanza, yap, yap, yap, tangu mwanzo wa shamba hadi mwisho, kama mwanamke anayemfukuza mchuuzi aliyemzidishia bei. Sungura walio mbali wanamsikia na kuzama mashimoni. Jumamosi jioni ninapohudumia pale baa, wazee hawana mazungumzo mengine. Mmoja anasema ni damu ya mbwa wa kondoo iliyo upande wa baba yake, maana wale kazi yao ni kelele. Mwingine anasema alitolewa mbioni akiwa mdogo mno, kabla miguu haijakomaa, akawa anaachwa na kila sungura, na mbwa anayeachwa hulia kama mtoto aliyenyimwa kitu. Wa tatu anasema alikimbia na vile vimbwa vifupi vya kuchimba mashimo akaiga tabia. Kuna hata aliyesema labda ana maumivu mguuni. Wanabishana mpaka bia inapoa, kama bia yetu inaweza kupoa zaidi.

Anayeongoza kucheka ni Bwana Obadiah Pell, unamjua. Ana dume lake jeusi, Duke, ambalo halijawahi kutoa sauti hata likikanyagwa. Kila Baba akiingia, Pell humwambia, "Enoch, leo kwaya yako imeimba wapi?" Baba humjibu kwamba afadhali kwaya kuliko msiba, kisha anakaa na kunywa zake. Kilichonishangaza ni hicho. Unakumbuka yule Baba aliyemrudisha mbwa kwa mwenyewe siku ile ile kwa sababu alibweka mara moja tu? Sasa anabembeleza mwenye kelele kuliko wote kijijini, na ukimgusia habari ya kumtoa anaondoka mezani.

Sasa sikiliza yaliyotokea shambani kwa Mama Dawber. Tangu ule ugonjwa uliowafyeka sungura upungue, wamerudi kwa fujo, na ngano yake ya upande wa kilimani wameila hadi udongo unaonekana. Kazi ya kuwapunguza pale ni ya Baba tangu sisi hatujazaliwa. Lakini Pell alikuwa amemwambia yule mama kwamba Meg anawafundisha sungura kujificha, na Mama Dawber, ambaye hapendi maneno mengi, akamwita Baba na kusema hivi: waje wote wawili na mbwa wao, aone kwa macho yake, halafu ataamua nani aendelee. Baba hakula vizuri siku zile. Mama alidhani ni tumbo akampa maji ya tangawizi.

Tukaenda asubuhi moja ya jua, ardhi imekauka kwa baridi. Tangu uondoke, kazi ya nyavu ni yangu, kwa hiyo nilikuwepo tangu mwanzo. Tulitega nyavu kwenye mashimo ya upande mmoja, upande wa pili tukaachia wazi kwa ajili ya mbwa, kisha Baba akamwingiza ardhini kicheche wake wa kufugwa, awafukuze sungura watoke. Niliona anapapasa ukingo wa shimo kwa vidole kabla ya kumwachia, nikafikiri ni uangalifu wa uzee.

Sungura wa kwanza aliruka upande wa Pell. Duke akamfuata kama kivuli, akamleta bila sauti. Wa pili vile vile. Pell akasafisha kiko chake kwa namna ya kuudhi. Wa tatu akaja upande wetu, Meg akatoka, na ile kwaya ikaanza.

Baba alikuwa amesimama juu ya tuta karibu na Mama Dawber, mikono mfukoni, akaanza kumsimulia. "Amekata kushoto. Sasa yuko kwenye mfereji, anapanda. Ameukosa mlango wa ua, anazunguka. Haya, sasa wako kwenye majani marefu, anamkaribia." Na yote yalikuwa kweli, Reuben. Mimi nilikuwa naona Meg akifanya yale yale. Mama Dawber akasema, "Mzee Enoch, una macho ya mwewe." Ndipo nilipomtazama Baba, nikaona uso wake haukuelekea huko shambani hata kidogo. Ulielekea barabarani. Kilichoelekea shambani ni sikio.

Kelele zikakatika. Meg alikuwa amemkamata, na mbwa mwenye sungura mdomoni hawezi kubweka. Akarudi mbio, mkia juu, akaja kusimama mbele ya magoti ya Baba, akamwinulia ampokee. Na Baba akaendelea kutazama mbali. Akauliza, "Yuko wapi? Mbona kimya? Hester, amempoteza?"

Meg akasogea akamgusa goti kwa yule sungura, ndipo Baba akashtuka na kutoa mkono, akaushusha mahali pasipo na kitu.

Pell aliona. Alikuwa karibu kuliko mimi. Nilimtazama nikijua kwamba neno moja tu kutoka kwake na kazi ya Baba imekwisha, na maisha ya Baba kijijini yatakuwa mengine. Bwana Pell akaweka kiko mfukoni, akasogea, akauongoza mkono wa Baba hadi kwa sungura kama mtu anayemsalimia tu, akasema polepole, "Pokea, bwana, ni mnono." Kisha akamgeukia Mama Dawber, na kwa sauti yake ile ile ya kujiona, akamwambia kwamba amekuwa akimsema vibaya mbwa huyu bila kufikiri. Akamweleza kwamba kelele zina kazi yake: zinawatia sungura kiwewe wanakimbilia upande wa Duke, na Duke anawapokea. Mmoja afukuze, mwingine akamate, kazi wagawane. Sijui kama kuna ukweli wowote ndani yake. Mama Dawber alimtazama Pell, akamtazama Baba, akasema basi waje wote wawili majira yote, na tusiondoke bila kupita jikoni kwake maana kuna mkate wa nyama. Nadhani na yeye aliona.

Tulirudi kwa miguu, Baba mbele, Meg ubavuni kwake amemgusa mguu. Pale kwenye kona ya kanisa nikamwomba asimame. Nikamwuliza hawezi kuona kwa kiasi gani. Nilitarajia afoke. Alikaa juu ya ukuta, akavua kofia, akasema, "Binti yangu, naona mwanga. Naona kitu kikubwa kama ghala. Wewe hapo ulipo ni ukungu wenye sauti ya mama yako."

Akanieleza yote, na haya ndiyo aliyoniruhusu jana nikuandikie. Ukungu ulianza kabla hujasafiri. Siku ile tulipokuaga stesheni, hakuuona uso wako. Alisikia filimbi, akasikia Mama analia, akapunga mkono kwenye treni yote, na anasema bila shaka alimpungia mtu asiyemjua. Hakukwambia kwa sababu anakujua. Ungeirudisha tiketi, ungebaki hapa unamshikia nyavu, na baada ya miaka ungemchukia bila kujijua. Hakumwambia hata Mama. Mama kila siku anamgombeza kwa kumwaga chai kwenye kisahani, na yeye anakubali kuitwa mzembe kuliko kuitwa kipofu, maana babu yetu alipopofuka aliwekwa pembeni ya jiko hadi kufa, na hakuna aliyemwuliza neno tena.

Na Meg? Hapo nilimwuliza moja kwa moja, ni damu au ni nini. Baba akacheka. Akasema Meg akiwa mdogo alimkosa sungura wake wa kwanza kabisa, akatoa mlio mmoja wa uchungu, kama wanavyotoa wadogo wengi wanapoachwa. Mtu mwingine angemkemea, angempumzisha hadi akue apate mbio za kutosha, na mlio ungepotea wenyewe. Lakini Baba alikuwa amesimama pale shambani hajui mbwa yuko wapi wala aende upande gani, na ule mlio ukamwonyesha. "Alikuwa kama mtu anayeniambia, mzee, niko huku." Meg aliporudi, Baba alimpa kipande cha jibini alichofungiwa kwa chakula cha mchana. Kesho yake akampa tena. Mbwa wa mchunga kondoo ana akili, Reuben, halafu ana tamaa ya jibini. Baada ya wiki chache alikuwa hanyamazi.

Kwa hiyo wewe huna kosa, na damu yake haina kosa. Anabweka kwa sababu Baba alimfundisha, na alimfundisha akijua kabisa watamcheka.

Nilipomwambia Mama, kwanza alilia, kisha alimgombeza Baba kuanzia chai hadi usiku, kisha akavaa kofia yake ya kanisani akampeleka kwa daktari. Kumbe ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ugonjwa ambao unaondolewa. Baba alitaka kukasirika kwamba amejificha muda wote huo kwa kitu chenye dawa, lakini hakuwa na wa kumkasirikia. Mwezi wa kwanza wakamtoa wa jicho la kulia katika hospitali ya Lincoln. Ilibidi alale chali bila kutikisa kichwa, na unajua anavyopenda kutulia. Pell alikuwa anapanda basi kwenda kumsomea gazeti, akichanganya habari za uongo ili ajue kama Baba anasikiliza.

Amerudi na miwani nene kama vitako vya chupa. Kitu cha kwanza alichotaka kuona ni Meg. Akamshika uso, akamtazama kwa muda mrefu, sikio moja limesimama, moja limelala, manyoya kama ufagio uliochakaa. Akatugeukia na kusema, "Na katika nyumba nzima hakuna aliyeona haja ya kuniambia kwamba ni mbaya hivi."

Wiki iliyopita tulikwenda tena kilimani na Duke. Meg akakimbia akiimba. Pell akamwambia Baba kwamba sasa ana jicho, anaweza kumwachisha kelele, au atafute mbwa wa heshima. Baba akamjibu, "Niache, Obadiah. Nimeshazoea kuambiwa mambo." Na tangu hapo pale baa hakuna anayecheka, au wanacheka, lakini Pell ndiye anayewanyamazisha.

Jicho la pili litafanywa kiangazi. Usikate tiketi ya kurudi kwa ajili hiyo. Ameniagiza niandike hilo kwa herufi kubwa, nami nimekataa, lakini elewa kwamba amelisema kwa sauti kubwa.

Salamu za Mama ni hizo za soksi na nyingine nyingi. Mama Dawber anakusalimu, na Bwana Pell anasema anakutaka radhi, umpokee. Msalimie kila mtu anayekutendea wema huko, hata kama hatumjui. Jambo moja limebaki. Picha yako uliyoituma mwaka juzi, ile ya mbele ya ghala la nafaka, Baba aliipokea akaishika, akasema umependeza, akairudisha juu ya kabati. Jana baada ya chakula aliishusha mwenyewe, akaipeleka dirishani, akavaa miwani. Alikaa nayo hadi chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Kumbe amefuga masharubu." Akaitazama tena. Anasema unyoe.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Hester Mawer