Gari Yenye Harufu ya Omena

Lodwar,
Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Mulembe, na mulembe kwa Baba pia, maana najua unamsomea hii akiwa hapo kando yako. Mnaendeleaje? Kifua chako kimepoa? Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa unakohoa ukaniambia ni vumbi la mahindi, lakini mimi nakujua. Na Baba, bado anafinya ule mpira kwa mkono wa kushoto? Sisi huku tuko salama. Joto ni lile lile. Watoto wangu wa darasa la pili wameanza kusoma bila kuonyeshwa kidole, na hiyo peke yake inanipa nguvu ya kuamka.

Najua imekuuma kwamba nilishuka likizo fupi, nikafika mpaka Bungoma, na sikukanyaga nyumbani Misikhu. Simiyu alisema atakueleza. Lakini mdogo wangu akisimulia kitu huruka katikati, kwa hivyo nimeona niandike mwenyewe. Barua ataileta mwalimu mwenzangu wa Webuye.

Ni mambo ya gari. Tangu Baba apate kiharusi, wewe ndiye unajua safari ya kwenda mazoezi Webuye ilivyo. Matatu hazitaki kiti chake cha magurudumu. Tukipata gari ya jirani, lazima abebwe na wanaume wawili, mmoja kwapani, mmoja miguuni, na yeye hufumba macho mpaka wamalize. Kanisani aliacha kwenda kwa sababu hiyo hiyo, hata kama anasema ni mgongo. Mimi na Simiyu tumekuwa tukiweka akiba bila kuwaambia. Ilipofika mahali pa kununua gari aina ya Noah iliyotumika, tena iliyotumika sana, tukaitana Kitale.

Katika yadi ya kwanza Simiyu alipendezwa mno na gari moja nyeusi. Mama, ilikuwa inang'aa mpaka unajiona. Viti vya ngozi, na skrini ya kuonyesha filamu kwa wanaokaa nyuma. Bei yake ingemeza akiba yote, tusibaki hata na ya bima.

"Dada, ni hii," Simiyu akaniambia. "Hii ikiingia Misikhu, watu watajua mzee ana watoto."

"Na bima?"

"Tutatafuta. Wewe uko mbali Lodwar, dereva ni mimi. Si uniachie hiyo?"

Maneno hayo yalinichoma. Ni kweli niko mbali. Kisha nikamwambia aninyanyue aniingize ndani.

"Ati nini?"

"Mimi ni Baba. Mguu wa kushoto hauna kazi, mkono wa kushoto hauna kazi. Niingize kwenye kiti."

Alicheka, na yule muuzaji naye akacheka. Nikaulegeza mwili wote kama gunia. Alijaribu kupitia mlango wa kuvuta, lakini kizingiti chake kilikuwa juu. Kichwa changu kikagonga ukingo wa paa. Akanishusha, akanishika upya kwapani, nikateleza kwenye ile ngozi mpaka nikakaa sakafuni katikati ya viti, magoti yakiwa kidevuni. Shati lake lilikuwa limetoka kwenye suruali na jasho linamtiririka. Muuzaji akasema mzee atazoea tu.

Simiyu alinitoa, akakaa chini kwenye kizingiti, akawa anahema.

"Mama humtoa kitandani peke yake?" akaniuliza.

"Kila asubuhi."

"Na jioni?"

"Na jioni humrudisha."

Akaangalia mikono yake. "Mimi huja Jumapili, nakunywa chai, naenda," akasema. Akasimama, akamshukuru muuzaji kwa heshima, tukatoka. Tulitembea polepole mpaka stendi, na sikutaka kumharakisha.

Zile nyingine za Kitale, moja ilikuwa imechomelewa chini pote, moja mwenyewe hakutaka tuiwashe. Tukateremka Bungoma, ambako Simiyu alikuwa ameambiwa kuna mama anauza yake. Anaitwa Mama Chemutai, ni wa huko juu mlimani, na kwa miaka mingi amekuwa akibeba magunia ya omena, vile vidagaa vikavu, kutoka Lwakhakha kuleta soko la Bungoma. Sasa amenunua pikapu.

Mama, harufu ilitupokea kabla ya mwenye gari. Rangi ilikuwa ya fedha zamani, sasa imechoka kama sufuria ya chuo. Simiyu akafunika pua na kunong'ona, "Dada, turudi."

Mama Chemutai alimsikia. Hakukasirika. "Mimi siwezi kuwadanganya," akasema. "Injini ni nzima. Breki zinataka kubadilishwa. Harufu mnaisikia wenyewe."

Akafungua mlango wa nyuma. Viti vyote vya nyuma alikuwa ameving'oa, ameviweka nyumbani. Ndani palikuwa peupe kama sebule isiyo na makochi, na sakafuni kulikuwa na mbao mbili ndefu. Simiyu akaacha kufunika pua.

"Hizi ni za nini?"

"Za kupandishia wilbaro. Nani ataweza kuinua magunia kila siku?"

Simiyu aliziangalia zile mbao, kisha akaniangalia mimi. Nikajua anachotaka kabla hajasema. "Kalia wilbaro," akaniambia.

Basi mimi, mwalimu mzima na sketi yangu ya safari, nikakaa kwenye wilbaro ya omena mbele ya watu wa soko, na mdogo wangu akanisukuma juu ya mbao mpaka ndani ya gari. Akanishusha taratibu, akanipandisha tena. Kichwa hakikugusa paa. Hakuna aliyenishika kwapani. Niliona nje, niliona watu, na macho yangu yalikuwa wazi wakati wote. Simiyu alikuwa anatabasamu kama siku ile alipofaulu mtihani wa darasa la nane.

Tukaita fundi akaikagua, akasema yale yale aliyosema Mama Chemutai, breki na matairi mawili. Tulielewana bei vizuri, na Mama Chemutai alipojua ni ya mgonjwa akatuongezea vile viti alivyoving'oa bila kudai chochote. Akiba iliyobaki imetosha bima, breki, na fundi wa kuchomelea ambaye anatengeneza bamba la chuma linalokunjwa, badala ya zile mbao. Kiti cha Baba kitafungwa sakafuni kwa mikanda. Gari imeoshwa kwa sabuni na ndimu. Harufu imepungua, sitakuambia imeisha. Ndiyo maana sikufika nyumbani. Siku zangu zote ziliishia kwa mafundi, na shule ilikuwa inafunguliwa. Simiyu ataileta Jumamosi.

Sasa kuna jambo moja ambalo hata Simiyu halijui. Siku ile tulipolipa nilipiga simu, wewe ulikuwa umeenda sokoni. Aliyeshika ni Baba. Unajua tangu ulimi wake uwe mzito hataki simu, lakini siku hiyo alishika. Nami niliogopa, kwa sababu mwaka jana nilipotaja gari alinijibu vibaya: "Msininunulie mimi gari. Somesheni watoto."

Nikamwambia yote, mpaka harufu. Akauliza, neno moja moja, "Mama yako... atakaa wapi?"

"Kando yako, Baba. Tumerudisha kiti kimoja hapo."

"Sio nyuma?"

"Sio nyuma."

Nikasikia anavuta pumzi. "Basi," akasema, "ileteni."

Mama, unaposoma hapa usimwangalie, ataona aibu. Endelea tu kusoma.

Waambie wale vijana wa shamba waondoe lile jiwe la langoni ili gari ipite. Msalimie Shangazi Rosa na meza yake ya nyanya, na bibi yetu Kukhu, umwambie dawa yake ya magoti naituma na Simiyu. Msalimie mke wa Simiyu akija. Jirani yetu Wekesa, ambaye amembeba Baba mara nyingi hivyo, mwambie mgongo wake upumzike, na kwamba Jumapili ana nafasi ndani ya gari pamoja na mkewe. Mchungaji msimwambie kitu, aone mwenyewe.

Nawapenda nyote wawili. Mungu awatunze mpaka nitakapofunga shule, nije nami nipande.

Ni mimi binti yenu wa kwanza,
Naliaka