Mshipa Umefika Wapi, Baba?

Mpendwa Baba,

Leo ninalo jibu la swali ulilokuwa ukiniuliza kila jioni, na sina kigugumizi.

Unakumbuka patasi ilivyoteleza ukichonga twiga kibandani kwako Majengo? Daktari aliushona mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono, akasema utaota polepole hadi ncha ya kidole. Kidole cha shahada kilikuwa kimekufa ganzi. Ndicho ulichomalizia kazi zako zote, macho umefumba, ukitafuta mkwaruzo ambao msasa uliusahau. Bila hicho ulijiona fundi nusu.

Ulipowaambia majirani "mshipa," Bi Zuhura alidhani ni ule wa wanaume, akaja na chupa ya dawa. "Baba Mwende, pole. Kunywa hii, na usibebe vitu vizito."

"Bi Zuhura, wangu uko mkononi!"

Alitoka mbio na buibui lake, tukacheka hadi mbavu zikauma.

Kila jioni nilikugongagonga mkono kuanzia kifundoni. Palipochomachoma ndipo mshipa ulipofika. Uliutajia vituo kama vya matatu ya kwetu: kifundo ulikiita Buruburu, kiganja Jogoo Road, ncha ya kidole Majengo, nyumbani. "Umefika wapi leo, mama? Na wenyewe unajuaje njia?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka maabara. Ncha ya neva inayoota, Baba, imetanuka kama kiganja kidogo chenye vidole vyake. Inapapasa. Ikigusa protini fulani, ishara hupita ndani yake: songa. Ikigusa nyingine: geuka, si hapa. Inauliza njia kama mgeni wa Majengo, mlango kwa mlango. Leo nimeiona kwa darubini ikisita, ikageuka, ikafika. Nikapiga kelele kama abiria aliyefika kituo chake, "Shukisha!" Wenzangu wakanishangaa.

Neno hilo ni lako. Siku ya mwisho hospitalini, moyo wako ulipokuwa ukichoka, nilikushika ncha ya kidole kile. Hukufumbua macho. Ukasema, "Majengo. Shukisha, mama." Nilidhani unanidanganya ili nisilie. Nililia hata hivyo, na shaka ile imeniuma kuliko kilio chenyewe.

Sasa mwendo wa neva naujua vizuri kuliko njia ya kwetu. Nimepiga hesabu, nikairudia. Tangu daktari aushone hadi siku ile, muda ulitosha mshipa kufika nchani, Baba. Ulinihisi.

Pumzika, fundi wangu mzima.

Binti yako,
Mwende