Gego la Zuhura

Jumanne, 22 Mei 1956. Ngamiani, Tanga.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na njia ya kliniki ni tope tupu. Nimerudi na viatu mkononi. Lakini kinachonisumbua si tope.

Nimemharibia mtoto wa watu kinywa.

Kabla ya mfungo, Bi Mwanamkuu, mama mtu mzima anayepika vitumbua mtaa wa pili kutoka hapa kwangu, alimleta mjukuu wake Zuhura, wa miaka sita, akilia na gego la chini. Daktari wa meno ninayemsaidia alikuwa Korogwe, arudi keshokutwa. Ningeweza kumtuliza mtoto kwa dawa wakamngoja. Ila benchi lilikuwa limejaa watu, na kusema kweli nilitaka wanione kuwa nami naweza. Nikaling'oa. Nilipoona mizizi yake ni mifupi, moyo ukatulia. Jino la utoto hili, nikajisemea, mizizi imeshaliwa na jino jipya linalopanda chini yake. Nikamwambia bibi asiwe na wasiwasi, litaota jingine.

Bibi akaomba apewe jino, mtoto akalirushe juu ya paa aombe jipya, kama tulivyorusha sote. Hapo nikafanya kosa la pili. Daktari alikuwa amenipa kazi ya kulinganisha mizizi ya meno ya utoto na ya ukubwani, na lile nililitamani. Nikampa Zuhura jino la mtoto mwingine kutoka kwenye chupa ya meno yaliyong'olewa, nimelifunga vizuri kwa pamba. Wala sikuona haya.

Jumapili iliyopita nikalitoa lile la Zuhura nililolificha. Nililisugua juu ya kinoo kwa maji, taratibu, hadi likawa jembamba kama ganda la kitunguu, nikaliweka kwenye kioo chini ya hadubini. Kwanza nilitazama jino la utoto la kweli. Ncha ya mzizi wake ilijaa vishimo, kama mbao iliyopitiwa na mchwa. Kisha nikatazama la Zuhura. Halikuwa na kishimo hata kimoja. Kingo za mzizi zilikuwa laini, zikipungua unene kuelekea nchani, na ncha yenyewe iko wazi, pana. Hakuna kilichokuwa kikiula mzizi ule. Ulikuwa bado unajengwa.

Nilitazama mara nne.

Jana nikamwonyesha daktari bila kumtaja mtoto. Akasema hilo ni gego la ukubwani, lile la kwanza, linaloota nyuma ya meno ya utoto mtoto akifika miaka sita, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana wazazi hulidhania la utoto. Likishatoka halirudi. Akaniuliza nimelipata wapi. Nikasema nimelikuta kwenye chupa.

Wazazi wana udhuru. Mimi nimefundishwa.

Leo baada ya alasiri nilikwenda kwa Bi Mwanamkuu nikiwa nimeyapanga maneno yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akaniwekea kiti na vitumbua vya moto, akawaambia waliokuja kununua kwamba huyu ndiye aliyemponya mjukuu wake. Wakanishukuru na wao. Nikachukua kitumbua, nikala. Kisha Zuhura akatoka ndani, akaachama mbele yangu.

"Bwana daktari, limeanza kuota?"

Mimi si daktari, na hata hilo sikulisahihisha. Nikapapasa ufizi kwa kidole. Mgumu, umeshafunga.

"Bado," nikasema.

"Upande huu silii kitu," akasema Zuhura. "Nisije nikaliumiza likitoka."

Bibi akacheka kwa fahari. Akasema tangu siku ile mtoto hajasahau hata mara moja, hata muwa anautafuna upande mmoja tu. Nami, badala ya kusema nililoendea, nikamsifu. Nikamwambia vema, aendelee hivyo hivyo.

Nimekula vitumbua vitatu, nikaaga. Naona aibu hata kuandika. Kesho nitasema nikiwa nimesimama mlangoni, kabla sijapewa kiti.

Lakini hata leo asubuhi nilijiapia. Atatafuna upande mmoja mpaka lini, mtoto yule, mimi nipate mdomo wa kusema?