Kule Haitikii

Jumatatu, 3 Machi 2014
Hakuna anayejua: ni mimi niliyemwambia nesi habari za mtoto wetu Kule. Nilikwenda kituo cha afya kumchukulia Bibi dawa ya presha, kama kawaida, maneno yakanitoka. Kwa Kiingereza, ili wanawake wa foleni wasielewe. Sijutii.

Kule ana miaka sita. Mtoto wa Baba Mdogo, nyumba iliyo chini ya yetu. Hapa mlimani watu huitana kwa kelele, mteremko huu mpaka ule. Kule akiitwa kutoka shamba la kahawa, haitikii. Anachapwa. Mgongo wake sitaki kuukumbuka.

Jumatano, 5 Machi
Wamekuja. Nesi na afande mmoja wa kike. Kesho Kule apelekwe hospitali Bwera, apimwe. Baba Mdogo anafoka uani: "Nani ameniuza? Mutoto iko yangu! Iko kichwa ngumu, nimufanye nini?" Akanitazama. Nikaendelea kumenya matoke.

Naogopa. Wakiandika makovu tu na kumrudisha, atachapwa tena.

Ijumaa, 7 Machi
Jana Bwera. Mimi, Kule na mama yake, Mama Mdogo. Daktari alimkagua kuanzia nywele mpaka kucha. Makovu, ndiyo. Lakini pia damu haitoshi. Minyoo. Jino limeoza. Chanjo hakumaliza. Mama Mdogo aliangalia sakafu tu.

Kisha daktari akasimama nyuma yake na kumwita. Kule akageuka. "Anasikia vizuri," akasema daktari. Hapana! Alifuata macho yangu. Mimi, nisiyenyoosha kidole hata darasani, nikasema: "Daktari, ameniangalia mimi. Ngoja nigeukie ukuta, halafu umwite tena."

Akaita. Akaita kwa nguvu. Kule alikuwa anachezea kifungo cha shati.

Daktari akachungulia: usaha masikio yote mawili, wa siku nyingi. Mama Mdogo alilia kwa sauti. "Tunamuchapa, kumbe hasikii! Yesu wangu!"

Nilimhurumia. Nilimkasirikia pia. Afande amesema Kule akae kwetu, kwa Bibi, mpaka kesi isikilizwe.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa nilisokota pamba safi, nikamkausha masikio, nikadondosha dawa. Anacheka, inamtekenya. Daktari alisema labda kusikia hakutarudi kote. Basi. Nimemwambia Bibi amguse bega kwanza, ndipo aseme naye. Ameshaanza. Kule amekula sahani mbili za bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki, sasa amelala mkekani, mdomo wazi.

Baba Mdogo ataitwa polisi. Bado anauliza watu ni nani aliyesema.

Nasikia gambuti zake uani. Anamsalimu Bibi, taratibu, si kama juzi. Sasa anakuja mlango huu. Kila siku daftari hili huingia chini ya godoro kabla mtu hajabisha. Leo liko mezani, nami naandika. Akiuliza, nitamjibu.