Mwanya Wangu ku Karatasi

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa tatu 1964

Jino tena! Ile ya mbele, juu, pembeni ya mwanya. Mudomo imevimba mpaka chini ya pua. Rosalie aliacha kunyonya akaigusa na kidole. Mutoto wa miezi kumi — hata yeye ameona!

Drocella, jirani yangu hapa kambini, alichoma mbegu za intobo, tunda chungu la porini, akanifunika blanketi nivute moshi. Eti mududu wa jino ataanguka. Kumbe karibu nianguke miye! Alicheka, nikamukasirikia, kisha nikacheka pia. Kucheka kunauma.

Jumanne, tarehe 3

Dispensaire, zahanati ya kambi. Papa Marcellin, infirmier, muuguzi wetu, alifinya ufizi, usaha ukatoka. Uso wake ukabadilika. Anasema sumu inapanda kwenda jicho, na kwao Lushebere aliona mutu akikufa hivi hivi, kwa jino tu. Yeye hana chombo cha kung'oa. Aspirini nne, basi. Masera, mutawa wa hospitali kule Masisi, njo anang'oa, Alhamisi peke yake. Lakini bila karatasi ya njia, ruhusa ya kutoka kambini, mukimbizi hapiti bariere, kizuizi cha askari.

Nikamwambia: Papa, chukua koleo, ng'oa sasa! Akajibu yeye si fundi wa baiskeli.

Naogopa. Baba ya Rosalie tulimuzika hapa hapa mwezi wa nane. Nikikufa na miye, mutoto iko na nani?

Jumatano, tarehe 4

Ku biro ya kambi. Karani akaangalia foto ya karte yangu ya mukimbizi, akaniangalia. Huyu ni nani? Na uso huu kama boga, hata miye sikujijua! Akasoma chini: «Alama: mwanya mu meno ya mbele.» Nikainua mudomo na vidole vyangu, machozi yakatoka. Akaona. Sawa — karatasi mpaka Jumamosi, jua likizama. Anayechelewa anahesabiwa amekimbia, anafutwa ku liste ya wakimbizi. Na Rosalie? Hapana. Karatasi ya mugonjwa mumoja. Drocella atabaki naye.

Ile alama, nani aliiweka? Miye! Siku ya kuandikisha, wengine walionyesha kovu, alama ya moto. Miye nikajigamba: andika inyinya yangu, mwanya huu! Kwetu binti mwenye mwanya wa meno anaimbiwa. Ni hiyo ilimuleta baba ya Rosalie kwetu na pombe ya posa. Karani aliandika, nikatembea siku nzima nikichekacheka ovyo.

Sasa nimefikiri jambo. Meno ya mwanya ni mawili. Moja njo hii inayooza. Ikitoka, mwanya iko wapi? Mungu wangu!

Alhamisi, tarehe 5

Masisi. Ku bariere askari aliinua mudomo yangu na kalamu, akasema pita.

Nilimuomba masera: nipe dawa tu, acha jino. Akauliza ninapenda jino ao jicho. Mukali, lakini mikono yake ni mizuri. Sindano, kisha kraa! Imetoka.

Nikamuelezea mambo ya alama. Hakucheka. Aliandika mistari miwili kwa Kifaransa. Na tampo, muhuri wa hospitali? Tampo iko na daktari, na daktari iko Goma mpaka Jumatatu. Jumatatu! Alitaka kutupa jino mu ndoo. Nikamushika mukono: hapana, masera, ile ni yangu. Nikaiosha, nikaifunga mu kitambaa.

Maumivu yameisha kabisa. Sasa matiti njo yanauma. Yamejaa.

Ijumaa, tarehe 6

Mvua. Kamio ya misioni, gari la kunirudisha, haikutoka. Maziwa yananitoka mpaka ku kitenge. Nakamua chini, nalia. Rosalie anakunywa nini leo? Drocella ana uji wa mahindi tu.

Jumamosi, tarehe 7

Ku bariere. Naandika sababu nikiacha kuandika nitapiga makelele.

Askari si ule wa Alhamisi. Foto? Sawa, uvimbe umeshuka. Nilifurahi, mujinga miye! Akasoma alama. Fungua kinywa. Nikafungua.

Akasema hapa hakuna mwanya, hapa ni shimo.

Nikatoa karatasi ya masera. Akaigeuza: tampo iko wapi? Hii kila mutu anaweza kuandika. Anasema siku hizi wakimbizi Banyarwanda banaazimana karte, na mwenyewe wa hii namuficha wapi? Nikamwambia mwenyewe ni miye, Dancille, mutoto wangu iko kambini hajanyonya tangu Alhamisi asubuhi! Nikamuonyesha kifua, kitenge kimelowa. Akageuza macho. Dereva wa kamio alipiga honi mara mbili, akaenda. Akaenda!

Nikafungua kitambaa. Nikachukua jino, nikaiingiza mu shimo, nikaishikilia na kidole, damu ikaanza tena. Kisha nikamuchekea. Nikacheka vizuri, kama siku ile ya kuandikisha.

Aliangalia foto. Aliangalia miye. Amechukua karte, ameingia mu nyumba kuita mukubwa wake.

Jua iko juu ya kilima cha mwisho. Kwenda kambini kwa muguu kutoka hapa ni mwendo wa saa mbili, nikikimbia pengine moja na nusu. Jino iko mu mukono, kidogo hivi.

Mulango umefunguka. Bako wawili, askari na mukubwa wake. Mukubwa iko na karte yangu, anasoma akitembea.

Narudisha jino mahali pake.